Mwajiri Hanunui Kilicho Chake

Kila Jerry Siegel na Joe Shuster wanapotajwa kuwa ndio waliomtunga Superman, hujitokeza watu wa kuitetea kampuni iliyomchapisha. Hoja zao mmezisikia: vijana wale waliuza kwa hiari yao, vijana wale walikuwa waajiriwa, walilipwa vizuri, kazi yenyewe waliiiga, kampuni ndiyo iliyomkuza shujaa huyo, mahakama zimeshaamua, na mwishowe kampuni hiyohiyo ikawahurumia uzeeni. Nimezisoma hoja hizi kwa makini, pamoja na hukumu ambazo watetezi hao huzitaja nusunusu. Ninyi wasomaji ndio mahakimu. Nawaomba jambo moja: msizipime hoja hizi mojamoja tu. Zipimeni pia zikiwa pamoja, mwone kama zinaweza kukaa nyumba moja.

Nianze na iliyo bora kuliko zote, ile ya hiari. Karatasi ipo. Ina tarehe 1 Machi 1938, na inasema wazi kwamba Siegel na Shuster wanaikabidhi kampuni ya Detective Comics kazi yao, wahusika, hadithi na jina, milele, kwa dola 130. Wote wawili walikuwa na umri wa miaka 23. Wale wa upande wangu wanaopenda kuwaita watoto waliolaghaiwa wanakosea, na kosa hilo linatudhoofisha. Kazi za wawili hao zilikuwa zikichapishwa tangu 1935, na mpelelezi wao Slam Bradley alikuwamo katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Detective Comics, Machi 1937. Biashara ya kuuza kurasa waliijua. Basi nakubali: waliuza.

Lakini tazameni bei. Superman alichukua kurasa 13 za Action Comics namba 1, jarida alimotokea kwa mara ya kwanza. Gawanya 130 kwa 13, unapata dola 10 kwa ukurasa, ujira wa kazi ya kuandika na kuchora. Hundi yenyewe ilikuwa ya dola 412, na zile 130 zimeorodheshwa humo kando ya malipo ya majarida mengine ya kampuni, kama malipo mengine yoyote ya mwezi. Kwa hiyo dola 130 zililipia jasho la kurasa 13. Je, haki ya mhusika mwenyewe, milele, kwa kila jarida na kila filamu itakayokuja, ililipiwa senti ngapi? Hata moja. Waliosaini walipewa ujira wa kazi, na karatasi ya kuachia mali ikapachikwa juu ya ujira huo. Mwaka 2012 hundi ile, karatasi tu iliyokwisha kulipwa, iliuzwa mnadani kwa dola 160,000.

Watetezi hujibu kwamba mwaka 1938 hakuna aliyejua Superman angekuwa na thamani gani. Ni kweli, na jibu hilo linawaumiza wao. Bunge la Marekani lilipoandika upya sheria ya hakimiliki mwaka 1976, liliwapa watunzi na warithi wao nafasi ya kurejesha haki walizoziuza zamani, kwa sababu hiyohiyo: thamani ya kazi haijulikani mpaka kazi iende sokoni, na mtunzi anayeuza kabla ya hapo huuza akiwa mnyonge. Jambo wanalolileta kama utetezi ndilo lililowafanya watunga sheria waone kuna dhuluma ya kurekebishwa.

Sasa hoja ya pili, na hapa nitakaa kidogo. Inasema Siegel na Shuster walikuwa waajiriwa, na anachokitunga mwajiriwa kazini ni mali ya mwajiri tangu siku ya kwanza. Kanuni hiyo ni ya kweli katika sheria ya Marekani. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuwavisha watu hawa kanuni ambayo haiwahusu.

Mfuateni Superman tangu kuzaliwa. Januari 1933 Siegel, akiwa bado mwanafunzi wa Glenville High School mjini Cleveland, alichapisha katika kijarida chake mwenyewe hadithi iliyoitwa The Reign of the Superman, ambamo mwenye jina hilo alikuwa mtu mwovu. Baadaye akamgeuza kuwa mtetezi wa wanyonge, Shuster akamchora, na wakaandaa kitabu kizima ambacho mchapishaji mmoja alikitaka kisha akajitoa; Shuster akakichoma moto kwa uchungu, likasalimika jalada tu. Wakaanza upya, safari hii kwa umbo la katuni za magazetini, vile vipande vya kila siku vyenye visanduku vichache. Wakazipeleka kwa mashirika yaliyosambaza katuni magazetini, zikakataliwa, wakapeleka tena. Mapema mwaka 1938 kampuni ilikuwa inatafuta kitu cha kujazia jarida jipya, na kazi hiyo ikamfikia mhariri wake Vin Sullivan kutoka katika shirika mojawapo ilikokuwa imelala. Waliambiwa waipange iwe kurasa za jarida. Wakachukua michoro waliyokuwa nayo tayari, wakaikata, wakaigundisha upya. Action Comics namba 1 ni makasi na gundi juu ya kazi iliyokwisha kutungwa miaka kadhaa kabla ya mwajiri anayedaiwa kuionja.

Upo pia mkataba wa Desemba 1937, ambao watetezi huutaja kwa sababu kweli uliwafunga wawili hao kuifanyia kampuni kazi. Usomeni wote. Uliwafunga kuendeleza katuni zilizokuwapo, kama Slam Bradley. Kuhusu katuni mpya, ulisema waionyeshe kampuni kwanza, nayo ipewe siku 60 za kuamua kama inaitaka. Nani hupewa siku 60 za kufikiria kununua mali ambayo tayari ni yake? Mkataba unaoletwa kama ushahidi wa ajira unakiri kwamba kitu kipya ni cha mtunzi hadi kinunuliwe.

Basi ziwekeni hoja mbili za kwanza ubavu kwa ubavu. Moja inasema: tuliinunua kwao kwa haki. Nyingine inasema: haikuwa yao hata dakika moja. Kama walikuwa waajiriwa, karatasi ya 1 Machi 1938 haina maana, maana mwajiri hanunui kilicho chake. Kama karatasi ile ina maana, basi siku moja kabla yake Superman alikuwa mali ya vijana wawili wa Cleveland. Mshika mawili, moja humponyoka. Watetezi wanataka kushika yote, wakiinua la kwanza wanapoulizwa kuhusu haki, na la pili wanapoulizwa kuhusu sheria.

Wala hawakujikanganya kwa bahati mbaya. Kwa sheria ya zamani, hakimiliki ilidumu miaka 28, kisha ilipaswa kuhuishwa, na muda wa pili uliweza kumrudia mtunzi, isipokuwa kama kazi ilikuwa ya mwajiriwa. Hesabu miaka 28 kutoka 1938: unafika 1966. Sheria ya 1976 nayo, ile ya kurejesha haki, ina ubaguzi uleule: kazi ya ajira hairejeshwi. Karatasi ya mauzo ilitosha mradi mauzo yalitosha. Mauzo yalipoanza kufikia ukomo wake, wauzaji wakabatizwa jina jipya, wakawa waajiriwa. Mahakama ya rufaa ya New York ilikataa ubatizo huo mwaka 1974. Ilisema Superman na nguvu zake walikuwa wamekamilika muda mrefu kabla ya uhusiano wowote wa kazi. Mwaka 2008 Jaji Stephen Larson wa California naye alikubali kwamba hadithi ile ya kwanza haikuwa kazi ya ajira. Anayekuja leo kurudia kuwa walikuwa waajiriwa anabishana na majaji haohao anaotaka tuwaheshimu.

Hoja ya tatu ina nguvu, na upande wangu huikwepa. Inasema: acheni kulia na dola 130, maana kati ya 1938 na 1947 wawili hao walilipwa jumla ya zaidi ya dola 400,000. Ni kweli, na kwa fedha za wakati ule si kidogo. Anayesema walilipwa dola 130 tu, awe anakusudia au hakusudii, anapotosha. Lakini zile laki nne zililipia nini? Zililipia kazi: miaka kumi ya miswada na michoro ya majarida na magazeti. Shuster hakuweza kuchora yote peke yake; macho yalikuwa yanamsumbua na mahitaji yaliongezeka, hivyo walifungua studio Cleveland na kuwalipa wachoraji wasaidizi, akina Wayne Boring, Paul Cassidy na John Sikela. Kurasa zilipokoma, malipo yalikoma. Mwenye mali hula hata akiwa amelala. Hawa walikula walipofanya kazi tu. Hoja hii inathibitisha kuwa walikuwa mafundi wenye bidii. Kuhusu malipo ya mhusika mwenyewe haithibitishi chochote.

Na kisa cha Superboy kinaonyesha jinsi kampuni ilivyoziheshimu hata haki zilizobaki. Siegel ndiye aliyependekeza Superman wa utotoni, akaandika na mswada, kampuni ikakataa. Akaenda jeshini. Akiwa huko Hawaii, Superboy akatokea katika More Fun Comics namba 101, toleo lenye tarehe ya mapema 1945, bila idhini yake. Kesi ilifunguliwa mwaka 1947 huko Westchester, jimbo la New York, na Aprili 1948 mwamuzi J. Addison Young akatoa uamuzi wake: Superman alikuwa ameuzwa, Superboy ni wa Siegel. Mwezi uliofuata pande mbili zikapatana nje ya mahakama, kampuni ikalipa zaidi ya dola 94,000, na wawili hao wakaachia yote. Majina yao yakaondolewa kwenye hadithi. Nasema tena: waliachia, wakasaini. Lakini kama kila walichotunga kilikuwa cha mwajiri tangu mwanzo, dola 94,000 zilinunua nini?

Kuna wanaosema walichouza hakikuwa chao kwa sababu nyingine: kiliigwa. Watataja riwaya ya Philip Wylie ya 1930, Gladiator, yenye mtu mwenye nguvu zisizo za kibinadamu, na watataja Doc Savage wa 1933, ambaye jina lake la kwanza ni Clark. Siegel alikuwa mlafi wa hadithi za namna hiyo, sikatai. Lakini mtu mwenye nguvu ni wazo la kale kuliko Samsoni. Hapo kabla hakukuwa na Clark Kent mwenye miwani, mwoga mbele ya Lois Lane, ambaye chini ya suti yake ana vazi la rangi, joho mgongoni na herufi kifuani, na asili yake ni sayari iliyoangamia. Yote hayo yamo katika kurasa zile 13.

Na shahidi wangu dhidi ya hoja hii ni kampuni yenyewe. Victor Fox alipotoa Wonder Man mwaka 1939, kampuni ilimburuta mahakamani, na mwaka 1940 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo kwamba, ukiacha wazo la jumla la mtu mwenye nguvu, Superman ana mpangilio wa matukio na maelezo ambayo ni ubunifu wa mtunzi. Mwaka 1941 kampuni ikamshitaki mchapishaji wa Captain Marvel, Fawcett, na haikumwacha mpaka mwaka 1953, alipolipa dola 400,000 na kuacha kumchapisha. Mbele ya washindani, Superman ni kazi asilia isiyoguswa. Mbele ya waliomtunga, ni mseto wa riwaya za watu wengine. Upande mmoja wa mahakama, kampuni inasimama juu ya ubunifu wa Siegel na Shuster. Upande wa pili, watetezi wake wanasema ubunifu huo haupo. Huyo ndiye ndumilakuwili.

Ipo hoja kwamba kampuni ndiyo iliyomkuza. Nusu yake ni sahihi. Kipindi cha redio kilichoanza Februari 1940 ndicho kilichotuletea Perry White na Jimmy Olsen. Katika Action Comics namba 1 Superman haruki angani kama ndege. Anaruka kama panzi, kwa mruko wa mita 200 hivi. Kuruka kwenyewe kulikuja baadaye. Hata kryptonite, lile jiwe linalomdhoofisha, lilisikika kwanza redioni mwaka 1943. Lakini kwa jiwe hilo hoja inajikwaa. Mwaka 1940 Siegel alikuwa ameandika hadithi ya madini kutoka Krypton yanayompokonya Superman nguvu, na ndani yake Superman anamfichulia Lois siri ya kuwa yeye ni Clark. Kampuni haikuichapisha. Mswada ulilala katika hifadhi yake hadi mwaka 1988, mhariri Mark Waid alipoukuta. Aliyetunga alikuwa mbele ya waliomkuza, nao wakamfungia mlango. Na hata tukiwapa redio, filamu na kila walichoongeza, anayejenga chumba cha uani hawi mwenye kiwanja.

Mahakama zimeshaamua, watasema, kwa hiyo funga mdomo. Zimeamua, naam, na kampuni imeshinda. Someni imeshinda kwa nini. Ushindi wa 1974 ulisimama juu ya yale yaliyomalizwa 1948: kwamba walishauza na kuachia haki zote. Mwaka 2008 mjane wa Siegel na binti yake walitamkiwa kuwa wamerejesha sehemu yao ya hakimiliki ya hadithi ya kwanza. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikaondoa ushindi huo kwa kusema barua ya wakili wao ya Oktoba 2001 ilikuwa tayari makubaliano na kampuni. Upande wa Shuster ulifungwa na makubaliano ambayo ndugu zake waliyasaini mwaka 1992, baada ya yeye kufariki. Kila mara ni karatasi iliyosainiwa na upande dhaifu, au kwa niaba yake. Mahakama zimetuambia nani anamiliki, na hilo silipingi. Hazikusema bei ilikuwa ya haki, kwa sababu hilo hazikuulizwa. Tunaoulizwa ni sisi.

Nimebakiza ile ya huruma. Inasema kampuni haikuwa na wajibu wowote wa kisheria, lakini Desemba 1975 iliwapa wazee hao dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka, bima ya matibabu, na ikayarudisha majina yao. Ukweli wa tarehe hauwezi kubishiwa. Ubishi ni juu ya neno huruma. Siegel alikuwa karani wa kupiga taipu Los Angeles. Shuster alikuwa karibu kipofu. Hali hiyo haikuanza Desemba 1975. Ilikuwapo kwa miaka, na kampuni ilikuwa ikiuza Superman miaka yote hiyo. Huruma ilikuwa wapi? Ilikuja baada ya Siegel kusikia kwamba filamu kubwa inaandaliwa na kuvitumia vyombo vya habari waraka wa malalamiko mwezi Oktoba, baada ya wachoraji Jerry Robinson na Neal Adams kuzunguka magazetini na kwenye televisheni wakiwasemea, na baada ya kampuni kuona filamu yake ya mamilioni ikitanguliwa na picha ya wazee wawili wasio na kitu. Marlon Brando, kwa kuigiza baba wa Superman katika filamu iliyotoka 1978, alilipwa dola milioni 3.7. Fedha hizo zingewalipa Siegel na Shuster, wote wawili kwa kiwango cha pensheni hiyo, zaidi ya miaka 90.

Hivyo hukumu ninayoiomba kwenu si kwamba karatasi ya 1938 ilikuwa ya kughushi, wala kwamba kampuni iliiba kama mwizi wa usiku. Naomba mseme kwamba ni wauzaji waliopunjwa, na kwamba kila hoja iliyoletwa kufunika kupunjwa huko inabomolewa na hoja iliyokaa pembeni yake. Shuster alifariki Julai 1992, Siegel Januari 1996. Aprili 2024 nakala moja ya Action Comics namba 1 iliuzwa kwa dola milioni 6. Ukikutana tena na mtu anayekuambia walikuwa waajiriwa tu, usibishane naye sana. Mwulize ile karatasi ya dola 130 ilikuwa inanunua nini.